Miguu Ikivimba, Tuulize Habari za Moyo

Hotuba iliyotolewa mjini Bagamoyo katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, mbele ya walimu na wanafunzi wa sasa



Kamati ya umoja wetu iliponiandikia barua kunitaka nizungumze, ilisema nichague jambo lolote lenye manufaa kwa wakubwa na wadogo. Walionitangulia katika miaka iliyopita wamezungumzia elimu ya juu, kilimo, na historia ya mji wetu. Mimi nimechagua kuzungumzia miguu. Nasikia vicheko huko nyuma, wala sikatai. Lakini waliokaa safu hizi za mbele hawacheki sana. Wengi wetu tumefika umri ambao jioni viatu vinakuwa vidogo kuliko vilivyokuwa asubuhi.

Sina budi kusema mapema kwamba mimi si daktari. Ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ni ya mipango. Nitakayoyasema nimeyapata kwa kusoma na kwa kuwauliza wenye ujuzi, baada ya maradhi kuingia katika ukoo wetu. Basi mwenye ugonjwa aende hospitali. Asitibiwe kwa hotuba yangu.

Jambo langu ni moja, nalo nitalitaja kabla sijaeleza. Mtu anayevimba miguu, au anayetokeza mishipa minene miguuni, asikubali kutibiwa mguu peke yake kabla moyo wake haujasikilizwa. Na moyo huo wakati mwingine uliharibika zamani, mtu akiwa na umri kama wa vijana hawa walioketi hapa, kwa ugonjwa ulioanzia kooni.

Vilango vya damu

Vijana wa kidato cha tatu wanalijua somo hili kuliko mimi, lakini tuwakumbushe wazee. Mishipa inayotoa damu moyoni huitwa ateri. Ile inayoirudisha moyoni huitwa vena. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kiasi cha lita tano za damu kila dakika, nao hupiga kama mara laki moja kwa siku. Una vyumba vinne na milango minne, na kazi ya kila mlango ni kuipitisha damu mbele na kuizuia isirudi nyuma.

Maarifa haya hayakupatikana kwa siku moja, wala katika nchi moja. Katika karne ya 13, tabibu Ibn al-Nafis, aliyezaliwa karibu na Damascus akafanya kazi Cairo, aliandika kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapita mapafuni, ndipo ikafika upande wa kushoto. Mwaka 1603 mwalimu mmoja wa Padua, Italia, aitwaye Fabricius, alichapisha maelezo ya vilango vidogo vilivyomo ndani ya vena. Mwanafunzi wake, Mwingereza William Harvey, akaonyesha mwaka 1628 kwamba damu yote ya mwili huzunguka, na kwamba vilango vile huilinda isirudi ilikotoka.

Anayetaka kukiona kilango cha namna hiyo kwa macho yake, aende hapo Nunge kwenye mashamba ya chumvi. Bahari ikijaa, maji huingizwa shambani. Kisha njia hufungwa, ili bahari ikipwa maji yasirudi. Kilango kikioza, maji hutoroka na chumvi haipatikani. Vena za miguu nazo zina vilango vyake. Damu iliyoko kwenye kifundo cha mguu lazima ipande mpaka kifuani. Misuli ya ndama ya mguu huikamua kila tunapopiga hatua, na vilango huishika isiteremke.

Vilango hivyo vikichoka, damu huteremka, vena hutanuka, hujikunja na kutokeza juu ya ngozi kama kamba. Sababu zake ni nyingi: kurithi kutoka kwa wazazi, umri, ujauzito, uzito wa mwili, na kazi za kusimama kutwa nzima. Mwalimu mbele ya ubao, askari wa barabarani, kinyozi, mama muuza samaki, wote wamo. Nataka ieleweke wazi kwamba wengi wa wenye mishipa iliyotokeza moyo wao ni mzima kabisa. Sikuja kuwatia watu hofu.

Lakini iko njia ya pili. Tazameni mto Ruvu unapoingia baharini, kaskazini ya mji huu. Wakati wa bamvua, bahari ikijaa sana, maji ya mto hayatoki kwa urahisi. Hurudi nyuma na kutanda katika mikoko. Ukisimama kule ndani ukayaona maji yamejaa, utadhani mto wenyewe una kasoro, kumbe jambo liko kwenye mlango wake. Moyo ndio mlango wa mto wa damu. Mlango wa moyo ulio upande wa kulia ukivuja, kila moyo unapopiga sehemu ya damu husukumwa kurudi ilikotoka: kwenye mishipa ya shingo, kwenye ini, tumboni, na hatimaye miguuni. Ndipo miguu huvimba, na vena zake, zikielemewa kwa miaka mingi, hutanuka na kutokeza.

Kwa nini mlango wa kulia uvuje? Mara nyingi kisa huanzia upande wa kushoto. Mlango ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto ukiharibika, ukawa mgumu na mwembamba wa kupitisha, damu husongamana mapafuni. Upande wa kulia hulazimika kusukuma kwa nguvu dhidi ya msongamano huo. Mwishowe huchoka, hutanuka, na mbawa za mlango wake hazikutani tena. Mnaona, ndugu zangu, jinsi mguu unavyoweza kuwa mtu wa mwisho kupokea barua iliyoandikwa kwingine.

Majina tunayoupa ugonjwa

Huku kwetu pwani neno mshipa limebebeshwa mzigo mkubwa. Ngiri tunaiita mshipa. Neva tunaziita mishipa. Mtu akiumwa kiuno, ni mshipa. Mguu ukifa ganzi, ni mshipa. Kwa hiyo mgonjwa akisema "nina mshipa", kila anayemsikiliza hupokea ugonjwa tofauti na kumpa dawa tofauti.

Tena tunayo matende, na hatuna haya ya kusema hivyo. Matende na busha vimelisumbua eneo letu kwa vizazi vingi. Huletwa na minyoo midogo inayosambazwa na mbu, na nchi yetu ilianza kampeni ya kugawa dawa zake kisiwani Mafia mwaka 2000. Kwa kuwa ugonjwa huo tunaujua, kila mguu uliovimba tunauita matende. Aliyekosa jina hilo husema mtu amekanyaga kitu kilichotegwa njiani.

Nitatoa mfano wa nyumbani, nami nimeruhusiwa kuueleza. Shangazi yangu aliishi katika kijiji kimoja cha ufukweni, kusini ya Bagamoyo, akilima mwani. Wajuao kazi hiyo wanafahamu kwamba mtu hufuata maji yanapokupwa, akasimama humo saa nyingi akifunga mbegu kwenye kamba. Alipokuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, mishipa ilimtokeza miguu yote miwili, na kila jioni miguu ilivimba. Kila mtu alikuwa na jina lake. Wenzake shambani walisema ni kazi ya kusimama majini. Mzee mmoja akasema ni matende yanaanza. Jirani akasema ameonewa kijicho kwa sababu mwani wake ulikuwa unastawi. Akachuliwa kwa mafuta, akafukizwa, akachanjwa.

Baadaye alikwenda kwenye hospitali moja ya kulipia, akaambiwa mishipa ile itafungwa na kutolewa kwa upasuaji. Ukoo ukachangishana, nami nikiwamo, na siku ikapangwa. Kabla ya siku hiyo alipelekwa apimwe damu na presha mahali pengine, akamkuta daktari mmoja mwanamke, kijana. Daktari huyo aliweka kiganja chake juu ya mshipa mnene uliopita pembeni ya goti, akakiacha hapo kwa kitambo bila kusema. Kisha akamwambia, "Mama, mshipa huu unadunda."

Vijana wa Bayolojia mtanisaidia hapa. Ateri hudunda, ndiyo tunayoipima kwenye kifundo cha mkono. Vena ya mguuni haina kawaida ya kudunda. Ikidunda sawasawa na moyo, maana yake mapigo ya moyo yanarudi nyuma mpaka mguuni, na milango yote iliyoko njiani imeshindwa kuyazuia. Daktari akatazama shingo, akaona mshipa wa hapo nao umejaa na unacheza. Akauliza, "Mama unalalia mito mingapi?" Shangazi akajibu mitatu, kwa sababu akilala chali pumzi humkatika. Swali hilo hakuna aliyewahi kumwuliza, naye hakuwahi kulisema kwa kuwa alidhani ni umri.

Akaulizwa tena kama utotoni aliwahi kuumwa viungo. Akakumbuka masika moja, akiwa na umri wa miaka kumi hivi, alipolala ndani kwa majuma mengi. Goti lilivimba, likapona, kikavimba kifundo cha mguu, kikapona, ukafuata mkono. Wazee walisema ni baridi, wakamkanda kwa maji ya moto. Akapona, akakua, akaolewa, akazaa. Hakuna aliyejua kwamba homa ile ilikuwa imeacha kovu ndani ya moyo.

Upasuaji wa miguu ukasimamishwa. Alipofanyiwa kile kipimo cha mawimbi ya sauti ambacho mahospitalini hukiita eko, ilionekana kwamba mlango wa kushoto umekuwa mgumu na mwembamba, na mlango wa kulia unavuja sana. Alipewa dawa za kupunguza maji mwilini, akapunguziwa chumvi, na baadaye akapasuliwa moyo. Mlango wa kushoto ukabadilishwa, na ule wa kulia ukakazwa ili mbawa zake zikutane. Uvimbe uliondoka. Mishipa ya miguu ilisinyaa, ingawa haikutoweka yote, na kudunda kuliisha. Hivi leo haingii tena majini. Huanika na kuuza mwani wa wenzake. Kila siku humeza dawa ya kuzuia damu isigande kwenye mlango ule wa bandia, na hupimwa damu mara kwa mara ili kipimo cha dawa kisizidi wala kupungua.

Ingekuwaje kama mishipa ile ingefungwa kwanza? Moyo ungeendelea kuirudisha damu, na vena nyingine zingetokeza mahali pa zile zilizotolewa. Na kwa kuwa damu katika vena zake ilikuwa na msukumo mkubwa kuliko kawaida, hatari ya kuvuja wakati wa upasuaji ingekuwa kubwa vilevile. Ukoo ungekuwa umetumia fedha zake, na mgonjwa angerudi palepale akiwa dhaifu zaidi.

Tiba na mpangilio wake

Kwa hiyo suala kubwa ni mpangilio: lipi litangulie.

Mtu ambaye moyo wake umeonekana ni mzima, na tatizo lake ni vilango vya miguuni tu, ana njia nyingi. Atembee kila siku, kwa sababu misuli ya mguu ndiyo pampu yake. Asisimame wala kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Akipumzika, ainue miguu juu ya mto mpaka ipite kimo cha kifua. Apunguze uzito. Daktari aweza kumpa soksi maalumu za kubana, au kuifunga mishipa kwa dawa ya kuchoma, kwa joto au kwa upasuaji. Mambo haya yafaa yafanywe mapema, kwani mishipa hiyo ikiachwa ngozi ya karibu na kifundo huwa nyeusi, huwasha, na mwisho huchimbika kidonda kisichopona upesi.

Mtu ambaye moyo wake una kasoro, moyo ndio utangulie. Kwanza apewe dawa za kumpunguzia maji, na chumvi ipungue katika chakula. Najua nasema hivi katika mji wa chumvi na samaki wa ng'onda, lakini ndivyo ilivyo: chumvi huyashika maji mwilini. Kisha waganga wa moyo waamue kama mlango uliobanwa utapanuliwa kwa puto, utatengenezwa, au utabadilishwa. Mguu utatazamwa baada ya hapo, nao mara nyingi huwa umeshapata nafuu. Hata zile soksi za kubana zisinunuliwe kiholela dukani. Kwa mtu mwenye moyo dhaifu sana, kuyakamua maji ya miguuni kwa ghafula ni kuupelekea moyo mzigo usioweza kuubeba.

Dalili zinazotuambia tuulize habari za moyo ni hizi. Miguu yote miwili kuvimba, na ukibonyeza kwa kidole gumba shimo linabaki. Kuchoka na kukosa pumzi kwa kazi ndogo. Kushindwa kulala bila mito mingi, au kuamka usiku ukihema. Kikohozi cha usiku kisichoisha. Mishipa ya shingo kujaa. Tumbo kujaa upande wa kulia chini ya mbavu. Na ile niliyoieleza, mshipa wa mguu unaodunda. Mguu mmoja ukivimba kwa ghafula na kuuma, hiyo ni dharura nyingine: huenda damu imeganda ndani, na mtu asikandwe wala kuchuliwa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na mshipa uliotokeza ukipasuka na kutoa damu, mlazeni mtu chini, inueni mguu, kandamizeni kwa kitambaa safi. Msifunge kamba juu ya goti.

Zamani ushauri huu ungekuwa mgumu kuufuata, maana wagonjwa wetu wa moyo walipelekwa India. Upasuaji wa kufungua kifua na kutengeneza moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008. Tangu mwaka 2015 tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, papo hapo Muhimbili, iliyopewa jina la Rais wa Awamu ya Nne, ambaye ni mzaliwa wa Msoga, katika wilaya yetu hii ya Bagamoyo. Kutoka tulipo ni mwendo wa kilometa 70 hivi. Gharama bado ni kubwa kwa mtu wa kawaida, wala tusijidanganye. Sisi watumishi tuna kadi za bima. Mkulima wa mwani hana. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa mwaka 2023, na ni wajibu wetu tuliosoma kuwaeleza ndugu zetu vijijini maana yake na kuwahimiza wajiunge.

Chanzo ni koo

Sasa nazungumza na vijana. Huenda mmejiambia kwamba hotuba hii ni ya wazee. Hapana. Nusu ya pili ni yenu.

Homa iliyompata shangazi yangu utotoni huitwa homa ya baridi yabisi, ingawa haina uhusiano wowote na baridi. Huanza kwa mafindofindo yaletwayo na vijidudu viitwavyo streptokoka. Koo huuma, homa hupanda, tezi za shingo huvimba, kisha baada ya siku chache mtu huona amepona. Lakini kwa baadhi ya watoto, majuma mawili au matatu baadaye, askari wa mwili waliotumwa kuwaua vijidudu huwakosea adui, wakaanza kushambulia viungo na milango ya moyo. Viungo hupona. Milango ya moyo hubaki na makovu, na kila homa ikirudi kovu huongezeka. Umri unaopatwa zaidi ni kati ya miaka 5 na 15. Shule ni mahali pake hasa, kwa maana vijidudu hivi hupenda mabweni yaliyojaa na vyumba visivyopitisha hewa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 55 wana ugonjwa wa moyo wa namna hii, na kwamba huua watu kama 360,000 kila mwaka. Katika uchunguzi mkubwa uliokusanya wagonjwa 3,343 kutoka nchi 14, nyingi zikiwa za Afrika, umri wa kati ulikuwa miaka 28, na karibu theluthi mbili walikuwa wanawake. Umri wa miaka 28, ndugu zangu, ni umri wa kulea watoto na kuanza kazi.

Habari njema ni kwamba dawa yake ni ya zamani na ni rahisi. Penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua London mwaka 1928, ikitolewa ndani ya siku tisa tangu koo kuanza kuuma, huzuia homa hii isitokee. Na aliyekwisha kupatwa na homa hupewa sindano ya penisilini ya kukaa mwilini kila baada ya majuma matatu au manne, kwa miaka kumi au zaidi, ili isirudi. Jirani zetu wa Uganda wamelithibitisha jambo hilo hata kwa watoto ambao ugonjwa haujaonyesha dalili. Kaskazini mwa nchi yao walipima mioyo ya watoto zaidi ya laki moja kwa eko. Waliogundulika na kasoro ndogo waligawanywa mafungu mawili, moja likapata sindano kila mwezi, jingine halikupata. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Baada ya miaka miwili, waliozidiwa na ugonjwa katika fungu la sindano walikuwa 3 kati ya 399. Katika fungu lisilo na sindano walikuwa 33 kati ya 400.

Si kila koo linalouma lahitaji penisilini. Ukiwa na mafua, kamasi na kikohozi, kwa kawaida ni virusi, na dawa hiyo haitasaidia kitu. Basi usiende dukani kununua vidonge kwa kubahatisha. Nenda zahanati, atazame mwenye ujuzi. Na tafadhali, tuache desturi ya kukata kimeo. Kimeo hakileti mafindofindo wala kikohozi. Mtoto aliyekatwa kimeo hupata hatari ya kutoka damu na kidonda kuingia vijidudu, na ugonjwa wenyewe umebaki palepale.

Wajibu wetu

Ndugu Mwenyekiti, nisingependa maneno haya yaishie kwenye makofi. Naomba kutoa mapendekezo manne.

La kwanza ni kwa walimu na viranja. Mwanafunzi anayebaki nyuma kila mara kwenye mchakamchaka, akashika magoti na kuhema, asiitwe mvivu wala kuongezewa mzunguko mpaka moyo wake usikilizwe. Akilalamika viungo vinavyouma kwa kuhamahama, huyo apelekwe hospitali siku hiyo.

La pili ni kwa uongozi wa shule. Liwepo daftari la wagonjwa wa koo katika bweni, na kila mwenye homa na koo afikishwe zahanati kabla ya siku ya tatu. Kama yuko kijana anayechoma sindano za kila mwezi, tarehe zake ziandikwe na mlezi wa bweni azifuatilie hata wakati wa mitihani, maana sindano iliyorukwa ndiyo inayoufungulia ugonjwa njia.

La tatu ni kwa umoja wetu. Taasisi ya Moyo hupeleka madaktari nje ya Dar es Salaam kupima wananchi. Tuiandikie rasmi kuomba ije hapa, ipime wanafunzi wote kwa eko, nasi tugharimie chakula, malazi na usafiri wa madaktari hao. Mwaka jana tulichanga fedha za kupaka rangi jengo la utawala, likapendeza. Mwaka huu tuchangie mioyo ya watakaosomea ndani yake.

La nne ni kwa kila mmoja wetu arudipo nyumbani. Yuko mama, shangazi, dada au jirani ambaye miguu yake imevimba kwa miaka na tumeizoea. Mwulize analalia mito mingapi. Mwulize kama utotoni aliumwa viungo. Kisha mpeleke kwa daktari, na umwombe daktari ausikilize moyo kabla ya kuushika mguu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini wengi wa watu wetu hawafichi kitu. Wamekosa tu mtu wa kuwauliza swali lililo sahihi. Sisi tuliosomeshwa na shule hii tunaweza kuwa watu hao.

Ndugu Mwenyekiti, naona kengele yako iko karibu na mkono.